Stashahada ya Uzamili ya Teknolojia ya Habari ya Biashara na Ujasiriamali: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa Ada

Stashahada ya uzamili ni tuzo inayotolewa na chuo kikuu au taasisi ya elimu ya juu kwa mtu aliyekwisha kuhitimu shahada ya kwanza, au stashahada ya juu ya mfumo wa zamani, anayetaka kuongeza ujuzi wa fani fulani bila kuingia moja kwa moja katika utafiti mrefu unaodaiwa na shahada ya uzamili. Kwa kawaida masomo yake hukamilika ndani ya mwaka mmoja wa mihula miwili, ingawa wanaosoma jioni au mwishoni mwa wiki wanaweza kuchukua muda mrefu zaidi, na mwisho wake mara nyingi huwa ni ripoti ya mradi badala ya tasnifu. Haipaswi kuchanganywa na stashahada ya kawaida inayoombwa na wahitimu wa sekondari, wala haichukui nafasi ya shahada ya uzamili, kwa sababu mwajiri anayetangaza nafasi kwa wenye shahada hiyo halazimiki kumpokea mwenye stashahada.

Nchini Tanzania, fani inayounganisha teknolojia ya habari ya biashara na ujasiriamali huwavutia watu wenye haja tofauti. Wapo wahasibu, maofisa ugavi na wasimamizi wa maduka ambao kazi zao zimehamia kwenye mifumo ya kompyuta ilhali shahada zao ziliishia kwenye leja na vocha. Wapo pia wahitimu wa ualimu, kilimo au sosholojia ambao wamechoka kusubiri ajira na wanataka kuanzisha jambo lao wenyewe. Kundi jingine, ambalo hutajwa kwa sauti ya chini bila sababu ya msingi, ni la waliomaliza shahada ya kwanza kwa daraja la ufaulu wa kawaida, yaani wastani wa alama usiofika 2.7 katika kipimo cha 5, na ambao kwa vyuo vingi hawawezi kuingia shahada ya uzamili mpaka kwanza wapate stashahada ya uzamili yenye alama nzuri. Kwa huyu wa mwisho masomo haya ni daraja, na hakuna aibu katika kuvuka daraja. Ila anapaswa kupata jibu la maandishi kutoka chuo anachokusudia kwenda baadaye, likieleza iwapo kinaitambua stashahada hiyo na kwa wastani gani, kabla hajatumia mwaka mzima kujenga daraja linaloelekea ng'ambo isiyo na njia.

Yuko pia mtu ambaye hahitaji masomo haya kabisa. Aliyesoma shahada ya kwanza ya teknolojia ya habari ya biashara, kama ile inayotolewa nchini Kenya na vyuo vikuu vya Strathmore na Jomo Kenyatta, atakuta sehemu kubwa ya mtaala ni marudio ya aliyokwisha kuyafanyia mtihani, na pengine fedha zake zingemfaa zaidi zikiwa mtaji au ada ya shahada ya uzamili.

Ili kupima thamani ya mtaala wowote wa aina hii, ni lazima kwanza ifahamike kwamba teknolojia ya habari ya biashara si sayansi ya kompyuta iliyopunguzwa ugumu. Sayansi ya kompyuta huuliza jinsi mashine inavyoweza kutatua tatizo kwa haraka na kwa usahihi, ilhali teknolojia ya habari ya biashara huuliza taarifa gani inahitajika ili mtu aamue jambo, inatoka kwa nani, inahifadhiwa wapi, na nani anapata hasara ikichelewa au ikipotoshwa. Kinachojengwa huitwa mfumo wa taarifa, na ndani yake hamna kompyuta tu, bali pia watu, taratibu, fomu, risiti na mazoea ya mahali pa kazi. Daftari la muuza duka linaloorodhesha wadaiwa ni mfumo wa taarifa. Udhaifu wake ni kwamba haliwezi kumwambia mwenye duka, bila saa nzima ya kukokotoa, ni mdaiwa yupi amepitisha siku 30.

Ujasiriamali nao, kama fani ya kusomwa, si hotuba za kutia watu moyo. Ni uchunguzi wa namna fursa inavyotambuliwa, inavyopimwa kwa gharama ndogo kabla ya kuwekewa mtaji mkubwa, na inavyogeuzwa kuwa biashara inayojilipa. Kasoro inayoonekana katika mitaala mingi ya namna hii ni kuzifundisha nusu hizi mbili kama majirani wasiosalimiana: muhula mmoja mwanafunzi hutengeneza hifadhidata ya maktaba ya kubuni, muhula mwingine huandika mpango wa biashara wa mgahawa wa kubuni, na siku ya mahafali hajawahi kuulizwa swali hata moja linalodai majibu ya pande zote mbili. Uamuzi wa kusoma au kutosoma katika chuo fulani unapaswa kutegemea jambo hili kuliko majengo, jina, au wingi wa kompyuta za maabara.

Mfano unaoonyesha vizuri jinsi nusu hizo zinavyokutana ni M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu ambayo wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanaitumia bila kuifikiria kama somo. Mradi huo ulibuniwa ndani ya kampuni ya Vodafone ya Uingereza kwa msaada wa fedha za idara ya serikali ya nchi hiyo iliyoshughulikia maendeleo ya kimataifa, na ulipoanza kujaribiwa nchini Kenya mwaka 2005 lengo lake lilikuwa kumwezesha mkopaji wa taasisi ndogo ya fedha kupokea na kurejesha mkopo kwa njia ya simu. Walioshiriki jaribio hilo waliupokea, kisha wakautumia watakavyo: walitumiana fedha wao kwa wao, na wengine waliweka fedha kabla ya safari ili wazitoe wakishafika, wasitembee na noti mfukoni. Wakati huohuo taasisi iliyotoa mikopo ilipata taabu kuoanisha kumbukumbu za mfumo huo na vitabu vyake. Safaricom ilipoizindua huduma hiyo Machi 2007, kilichouzwa hakikuwa tena marejesho ya mikopo bali uwezo wa kutuma pesa nyumbani. Kilichobadilika ni uelewa wa nani mteja na anataka nini, na uelewa huo ulitokana na kusoma kumbukumbu za miamala halisi.

Vodacom ilipoileta huduma hiyo Tanzania mwaka 2008, ukuaji wake ulikuwa wa polepole zaidi mwanzoni, kwa kuwa programu inaweza kuhamishwa kwa mkupuo lakini mtandao wa mawakala haunakiliki. Kila wakala hugawanya mtaji wake katika sehemu mbili, fedha taslimu zilizo kwenye droo na floti, yaani salio la kielektroniki lililo kwenye laini yake ya uwakala, na kila mteja anayeweka fedha humpunguzia floti na kumwongezea taslimu, huku anayetoa akifanya kinyume chake. Wakala wa karibu na stendi ya mabasi na wakala wa karibu na soko la mazao hawaishiwi kitu kimoja wala kwa saa moja. Hapa hesabu ya akiba, usanifu wa mfumo, na busara ya kibiashara haviwezi kutenganishwa, na mwalimu anayeweza kulifundisha jambo hili kwa mihula miwili mfululizo kwa kutumia takwimu za mawakala wa mtaani kwake anawapa wanafunzi wake mengi kuliko anayewakaririsha maana kumi za neno ujasiriamali.

Somo la hifadhidata ndilo lenye manufaa ya kudumu zaidi katika mtaala huu, na ndilo ambalo wanafunzi waliotoka nje ya fani ya kompyuta huliogopa kuliko yote. Hifadhidata ni mkusanyiko wa taarifa uliopangwa katika majedwali yanayohusiana, ili jambo moja liandikwe mahali pamoja tu na kurejelewa kutoka kwingine. Anayetumia lahajedwali, yaani programu ya majedwali ya hesabu kama Excel, ameshakutana na tatizo linalotatuliwa hapa bila kulijua: jina la mteja mmoja limeandikwa kwa tahajia tatu, kila moja ina deni lake, na jumla ya deni la mteja huyo haipatikani. Uchanganuzi wa mifumo, ambao ni kazi ya kuchunguza shughuli inavyofanyika kabla ya kupendekeza mabadiliko, unafaa kusomwa sambamba na hifadhidata. Na uhasibu wa msingi, hata kwa mwenye kipaji kikubwa cha kompyuta, haukwepeki. Usimamizi wa miradi, masoko ya mtandaoni na mawasiliano ya kibiashara yana nafasi yake, ila mtu mzima anayefanya kazi anaweza kuyasoma mwenyewe kwa kiasi kikubwa.

Mradi wa mwisho ndio kipimo cha mwaka mzima. Ichukuliwe kuwa mwanafunzi amechagua maduka ya dawa muhimu, yale maduka yenye vibali maalumu yaliyoanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 na kuenea nchini ili kuwapatia wananchi wa vijijini na pembezoni mwa miji dawa zilizothibitishwa. Hasara ya kimyakimya ya duka kama hilo ni dawa zinazoisha muda wake zikiwa rafuni, na sababu mara nyingi ni kwamba mzigo mpya hupangwa mbele na wa zamani husukumwa nyuma. Mwanafunzi anayekwenda kwa pupa ataanza na jedwali moja lenye jina la dawa, idadi na tarehe ya mwisho ya matumizi, kisha ataona kwamba dawa moja inaweza kuwa na matoleo matatu yenye tarehe tofauti. Itambidi atenganishe jedwali la dawa na jedwali la matoleo, aongeze la mauzo na la wasambazaji, halafu auelekeze mfumo umtake muuzaji atoe kwanza toleo linalotangulia kuisha muda. Hapo atakuwa amefanya kazi ya nusu ya kwanza ya fani yake, na wengi huishia hapo, wakaandika ripoti, wakahitimu.

Nusu ya pili huanza na swali la nani atalipa. Ikiwa mwenye duka yuko tayari kutoa shilingi 20,000 kwa mwezi, na kumhudumia duka moja kwa simu, ujumbe na safari kunagharimu shilingi 5,000, basi kila duka linabakiza shilingi 15,000 za kuchangia gharama zisizobadilika, yaani zile zinazolipwa hata kama hakuna mteja. Gharama hizo zikiwa shilingi 1,200,000 kwa mwezi, pamoja na ujira wa kawaida wa mwanzilishi mwenyewe ambao wengi husahau kuuhesabu, biashara hiyo inahitaji maduka 80 kabla ya kupata faida ya shilingi moja. Tarakimu hizi ni za mfano tu, lakini zinafunua kitu ambacho msimbo wa programu hauwezi kukionyesha: kuyafikia maduka 80 na kuyabakiza ni kazi ya miguu, ya kuaminika, na ya kurudi dukani siku ambayo simu ya muuzaji imeharibika. Huenda hesabu ikaonyesha kwamba biashara hiyo haifai, na ripoti inayothibitisha hivyo kwa ushahidi inastahili alama za juu, ingawa si kila msimamizi atakubali.

Sheria nayo haiwezi kuachwa iwe kiambatisho. Mfumo wa duka la dawa ukihifadhi majina ya wagonjwa na dawa walizonunua, unahifadhi taarifa nyeti, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa kama hizo ajisajili kwa Tume iliyoundwa kwa ajili hiyo na afuate masharti ya kukusanya kwa kusudi lililo wazi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki na Sheria ya Makosa ya Mtandao, zote za mwaka 2015, zinagusa uhalali wa mkataba uliofanywa mtandaoni na mipaka ya mtu kuingia katika mfumo usio wake. Mashine za kielektroniki za kutolea risiti, ambazo wafanyabiashara huziita EFD na ambazo zimekuwapo tangu 2010, usajili wa jina la biashara au kampuni kwa njia ya mtandao wa BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, na kumbukumbu namba zinazotolewa kwa kila malipo ya serikali ni sehemu ya mazingira ambamo mfumo wowote wa biashara Tanzania utafanya kazi. Kozi isiyogusa lolote kati ya haya inafundisha biashara ya nchi nyingine.

Kwa upande wa kuchagua chuo, jambo la kwanza ni ithibati, yaani utambuzi rasmi kwamba taasisi na programu yake vimekaguliwa na kukubaliwa. Tanzania, vyuo vikuu husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na taasisi nyingine za elimu ya ufundi na biashara husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, NACTVET. Chuo kinaweza kuwa na ithibati ilhali programu mahususi haina, kwa hiyo jina la programu lenyewe ndilo la kutafutwa katika orodha zinazotolewa na mamlaka hizo. Aliyesoma nje ya nchi aanze mapema kushughulikia utambuzi wa shahada yake, kwani ni hatua inayoweza kumkosesha muhula mzima akiichelewesha.

Ithibati ikishathibitishwa, mwombaji aombe kuona mada za miradi ya wahitimu wa miaka miwili iliyopita. Ombi hili dogo hufichua mengi: mada zikiwa ni za jumla, za aina ya athari za teknolojia katika maendeleo ya biashara ndogo, pana hivyo bila mahali wala mtumiaji anayejulikana, kuna uwezekano mkubwa kwamba mradi huko ni utaratibu wa kukamilisha karatasi. Aulize pia nani anasimamia miradi, kila msimamizi ana wanafunzi wangapi, na kama kuna mwalimu yeyote aliyewahi kuendesha biashara au kujenga mfumo unaotumika. Si lazima walimu wote wawe wafanyabiashara, na mfanyabiashara hodari anaweza kuwa mwalimu hafifu, ila programu isiyo na hata mmoja ina upungufu.

Gharama huhesabiwa vibaya kuliko jambo jingine lolote. Ada ni sehemu tu. Nauli za jioni, kifurushi cha intaneti, kompyuta ya mkononi, uchapaji wa ripoti, na kipato kinachopotea kwa kufunga duka saa kumi jioni badala ya saa tatu usiku ni sehemu nyingine, na kwa mfanyabiashara hii ya mwisho inaweza kuizidi ada yenyewe. Mwajiriwa aliyekopeshwa na Bodi ya Mikopo wakati wa shahada ya kwanza anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, makato ambayo hayasimami kwa kuwa amerudi darasani. Kwa Dar es Salaam, saa mbili za darasa la jioni zinaweza kumeza saa nyingine mbili za foleni, na mwanafunzi asiyezipanga saa hizo pamoja na familia yake huanza kukosa vipindi ifikapo wiki ya tano au ya sita, kabla hata kazi za kwanza hazijasahihishwa. Anayekaa mbali na mji mkubwa azifikirie programu za masafa, kama zile za Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilichoanzishwa mwaka 1992, akikumbuka kwamba uhuru wa ratiba ni mzigo kwa asiye na nidhamu ya kujisomea.

Mtaji baada ya kuhitimu nao una hadithi nyingi zisizo na msingi. Cheti cha ujasiriamali hakitumiki kama dhamana benki. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, hutolewa kwa masharti yake, na kwa sehemu kubwa huelekezwa kwa vikundi vilivyosajiliwa, hivyo anayeitarajia anapaswa kuwa na wenzake anaowaamini muda mrefu kabla ya mahafali. SIDO, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo lililopo tangu 1973, linafaa zaidi kwa ushauri na mafunzo ya viwanda vidogo kuliko kwa ndoto za programu za simu. Na mashindano ya mawazo ya kibunifu, ingawa huleta mwaliko na picha nzuri, yamewageuza baadhi ya vijana kuwa washindani wa kudumu wasio na mteja hata mmoja. Mteja wa kwanza anayelipa, hata kama ni shilingi 10,000, ni ushahidi mzito kuliko hundi ya maonyesho.

Kwa hiyo msomaji anayekusudia kuomba na aandike kwanza ukurasa mmoja unaotaja biashara moja halisi, kumbukumbu zinazowekwa humo sasa, na uamuzi mmoja unaoharibika kwa sababu ya udhaifu wa kumbukumbu hizo, kisha aupeleke kwa mratibu wa programu na kumuuliza ni masomo yapi kati ya yanayofundishwa yatalishughulikia tatizo hilo na nani atalisimamia. Akijibiwa kwa masomo na jina la msimamizi, alipe ada ya maombi. Akijibiwa kwa kipeperushi, aende chuo kingine.